Magunia Mawili ya Kutuliza Gari

Barazani kwetu, katika kijiji kimoja upande wa Kidugala, palikuwa na magunia mawili ya viazi ambayo hayakuliwa wala kuuzwa. Yalisimama ukutani karibu na mlango wa jikoni. Viazi vilipoanza kuchipua baba aliviondoa vikawa mbegu, akajaza vingine. Mgeni akiuliza ni vya nani, tulimjibu kwamba ni vya gari. Wengi walicheka, kisha wakatuangalia usoni wakaona hatutanii.

Gari lenyewe lilikuwa jipu la zamani la turubai, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Baba alilinunua likiwa limeshatumika sana, mimi nikiwa darasa la tano. Springi zake zilikuwa za bapa: vyuma virefu vilivyopinda kidogo, vimelaliana kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja katikati. Baba alikuwa mkulima wa viazi na mambo yake yote aliyapima kwa gunia, kwa hiyo mwaka huohuo akaongeza vyuma vitatu nyuma, kila upande. Tangu hapo jipu lilibeba chochote ulicholibebesha. Lakini likiwa tupu lilirusha. Ukikaa nyuma ulishika bomba la turubai kwa mikono miwili, na bado ulishuka na nundu.

Kijijini hapakuwa na gari lingine, kwa hiyo wagonjwa wa kijiji walikuwa wagonjwa wetu. Mama aliyeshindwa kujifungua, mpasua mbao aliyeangukiwa na mti wa mlingoti, mzee aliyevimba miguu, wote walipakiwa humo na kupelekwa hospitali ya Ikonda. Ilikuwa safari ya kutwa, na wakati wa mvua zaidi ya hapo. Baba ndiye aliyegundua kwamba ukiweka magunia mawili ya lumbesa, yale yanayojazwa mpaka yanavimba juu ya mdomo na kufungwa kwa kamba, moja kila upande juu ya ekseli ya nyuma, springi hukaa chini na gari hutulia. Godoro liliwekwa katikati. Mgonjwa alilala hapo kama mtoto kati ya baba yake na mama yake.

Wakishafika, magunia hayakurudi. Ndugu wanaobaki hospitalini kumuuguza mtu wao hujipikia wenyewe, na aliyetoka mbali hana shamba pale. Baba alimshusha mgonjwa kwanza, halafu magunia, akayafikisha kwenye jiko la wauguzaji, akageuza gari na kurudi nyumbani akirushwa peke yake. Familia nyingine ziliona haya, zikataka kuyarudisha garini. "Magunia hayarudi," baba aliwaambia, na mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna aliyemshukuru kwa viazi, kwa kuwa hakuna aliyeviona kama zawadi. Kesho yake mawili mengine yalikuwa yamesimama barazani.

Naanza na habari hii kwa sababu bila hiyo, kosa nililolifanya Makambako litaonekana la mtu asiye na akili timamu.

Baba alipofariki, jipu lilibaki mikononi mwangu, maana katika watoto wake ni mimi, binti yake, aliyenifundisha kuliendesha, shambani, katikati ya matuta. Wakati huo kijiji kilikuwa na pikipiki nyingi na magari madogo kadhaa, na wagonjwa hawakuwa wetu tena. Nilikuwa nimestaafu kazi yangu Njombe, ambako kwa miaka mingi nilikusanya habari za mazao kwa ajili ya redio, na mkono wangu ulikuwa umezoea daftari. Nikarudi kukaa na mama. Nikakuta magunia mawili barazani, palepale. Nilidhani ni mabaki ya baba. Siku moja nikamkuta mama amechuchumaa akichagua viazi vilivyochipua na kuweka vizima, bila kuombwa na mtu.

Kisha mama akaanguka. Aliteleza kwenye ukingo wa bustani, asubuhi ya ukungu, akiwa na ndoo. Picha ilionyesha pingili mbili za mgongo zimebonyea. Daktari alimweleza mengi, lakini mama alishika moja: asirushwe. Kutembea aliweza. Kupika aliweza akiwa ameketi. Kanisani alikwenda kwa miguu, polepole, akisimama mara tatu njiani na kujifanya anasalimia watu. Nilijaribu kumpeleka kwa jipu mara moja tu, tena na magunia yote mawili nyuma. Vile vyuma sita vya baba havikuwa na huruma naye. Alishuka, akalala siku mbili.

Mama si mtu wa huku. Alizaliwa Bulongwa, akaletwa kwetu na ndoa. Katika watoto saba wa nyumba yao wamebaki wawili, yeye na dada yake, mama yetu mkubwa, ambaye hajawahi kuhama kilima alichozaliwa na anaishi na mjukuu wake wa kike. Kila Jumapili baada ya ibada walipigiana simu. Walizungumza Kikinga, ambacho mimi nakipata vipandevipande, kama redio yenye mikwaruzo. Ila swali la mwisho nililielewa, maana lilikuwa lilelile kila wiki. Mama mkubwa aliuliza, utakuja lini. Mwanzoni mama alijibu, nikipona. Baadaye alipoona kwamba kupona kwenyewe ndiko huku, akabadilisha jibu: "Gari likilainika."

Baada ya Pasaka nikakodi teksi ndogo. Lami siku hizi inafika Makete na gari dogo lilikwenda juu yake kama mtu anayetembea na soksi. Mbele ya hapo ni barabara ya udongo, na mwisho wake ni kilima kimoja cha kwenda kwa mama mkubwa, udongo mwekundu wenye mifereji iliyochimbwa na magari ya mbao. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Teksi ilipanda kidogo, ikarudi nyuma, ikakaa kwa tumbo. Watu walitusaidia kuitoa, lakini kupanda haikupanda.

Ng'ambo ya bonde nyumba ilionekana: bati, mianzi nyuma yake, mlango wa jiko uko wazi. Kwa mtu mzima ni nusu saa kushuka na kupanda. Kwa mgongo wa mama ilikuwa sawa na kumwambia aruke. Akatoa simu, akampigia dada yake. Safari hii nilielewa kila neno. Alimwambia atupie majani mabichi kwenye moto.

Moshi ulipanda, mwembamba kwanza, halafu mzito, mweupe. Mama alisimama ameshika mlango wa gari akautazama. Dereva alivumilia, akatazama mawingu, akavumilia tena, mwishowe akaniambia pembeni kwamba tukizidi kukaa hata lami hatutaifikia. Mama akaingia ndani mwenyewe. Tukapita Makete, tukapita Ikonda. Tulipoingia Njombe, taa za maduka zinawashwa, ndipo akasema, "Ametupia majani ya miwati. Yana moshi mzuri."

Wiki hiyo nikaamua kubadilisha springi.

Fundi niliyeelekezwa, ambaye zamu yangu kwake ilifika mwezi wa tisa, ana gereji Makambako, nyuma ya malundo ya mbao, mahali ambapo upepo wa mji ule haukosi siku hata moja. Watu waliniambia amebadilisha majipu kadhaa ya namna hiyo, kutoka springi za bapa kwenda koili, ule mduara wa chuma kimoja kilichozungushwa kwenda juu. Nilipofika alikuwa na jipu jingine uani, la muundo wa baadaye, lililopinduka na kulalia ubavu. Koili na ekseli zake zilikuwa nzima. Alisema gari lile limekufa juu, likaishi chini, na langu limekufa chini, likaishi juu, kwa hiyo kazi ni kuwaoza.

Akaingia chini ya gari langu, akakaa huko muda mrefu.

"Mama," sauti yake ikatoka. "Hizi si springi. Huu ni msingi wa nyumba. Humu mlikuwa mnabeba nini?"

"Viazi," nikasema. "Na wagonjwa."

"Kwa pamoja?"

"Kwa pamoja."

Akatoa kichwa kunitazama, akisubiri nicheke. Sikucheka. Akarudi chini.

Alinieleza kwa utaratibu, na niliandika. Atakata vishikio vya springi za zamani kwenye chesisi. Atachomelea vikombe vya kukalia koili. Ekseli za gari lile zitaingia hapa, pamoja na vyuma vya kuzizuia zisiyumbe, maana springi za bapa hushika ekseli zenyewe, ila koili hubeba tu, haizuii. Shafti, ule mhimili unaozungusha magurudumu, itafupishwa. Kitu kimoja alikisisitiza mara mbili: lazima gari lisimame kwa kimo kilekile lilichonacho sasa, lisizidi, lisipungue, la sivyo shafti itakaa vibaya. Akachukua futi, akapima pembe zote nne, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Alitaja vipimo, nikaandika. Tarehe niliandika. Hali ya hewa niliandika, sijui kwa nini. Upepo, jua kidogo.

Kisha akaenda kwa mteja mwingine, na wenzake wakaniambia gari lazima litolewe vitu vyote kabla ya kuinuliwa. Wakafunua turubai ya nyuma. Magunia yalikuwa humo, moja kila upande. Niliyapakia asubuhi kwa msaada wa jirani, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango anapotoka. Palikuwa na mama lishe anayewapikia mafundi pale uani. Nikawaambia wampelekee. Alipouliza nitayachukua lini, nikamjibu kwamba hayarudi.

Kazi ilichukua Jumamosi sita. Kila moja nilipanda basi kwenda Makambako, nikakaa juu ya tairi, nikaandika kilichofanyika, nikala chipsi za viazi vyangu mwenyewe. Nyumbani mama alinitaka nimsomee daftari. Hakuelewa vikombe wala shafti, na mimi nilielewa nusu, lakini alisikiliza kama anavyosikiliza somo la kwanza kanisani. Mikono yake wakati huo ilikuwa ikifuma sweta la dada yake, la sufu ya kijani. Alifika kwenye mikono akasimama, kwa kuwa hakujua dada yake amepungua kiasi gani. Jumapili akamwambia kwenye simu ajipime kwa kamba, apige fundo, arudi kwenye simu na kamba mkononi amhesabie kwa shubiri. Waliongea shubiri kwa muda mrefu. Mama alifumua mkono mmoja, akaanza upya.

Mwezi wa kumi ulipokuwa unakwisha, sauti ya mama mkubwa ikaanza kukatika kwa kikohozi. Alisema ni vumbi. Mama aliweka simu chini, akaniuliza zimebaki Jumamosi ngapi. Mvua zikishika, kilima kile hata jipu halikipandi mpaka mwakani. Hilo tulilijua sote wawili, na hatukulisema.

Jumamosi ya mwisho nikakuta gari limesimama chini kwa miguu yake. Mbele lilikuwa zuri. Nyuma lilikuwa limenyanyuka kama kuku anayedonoa. Fundi alisema litashuka likitembea. Tukapanda, yeye akiendesha, tukachukua njia mbovu ya kuelekea kwenye reli. Mbele lilikwenda kwa upole ambao sikuwahi kuujua katika gari lile. Nyuma lilirusha. Si kama zamani, lakini lilirusha, na nilikuwa nimeuwazia mgongo mmoja tu kwa miezi mitano, nikaujua mrusho ule ungefanya nini kwenye pingili mbili.

Tuliporudi uani fundi akachukua futi. Akapima nyuma. Akaomba daftari langu. Akasoma, akapima tena.

"Siku ile ulileta gari likiwa na nini?"

"Tupu," nikasema.

"Tupu kabisa?"

"Tupu. Magunia tu."

Akaweka futi chini, taratibu.

"Magunia mangapi?"

"Mawili."

"Ya lumbesa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mama," akasema, "kwenu tupu ni kiasi gani?"

Mama lishe alikuwa ameegemea meza yake akisikiliza. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Akasema ndiyo maana viazi vile alivimenya wiki mbili mfululizo na bado vikabaki. Mafundi wakacheka pia. Mmoja akaniuliza kama kwetu mtu akisema hajala kitu anakuwa amekula sahani ngapi. Mimi nilikuwa nimeshika daftari, kurasa kumi na nne, upepo na jua kidogo vimo, magunia hayamo. Nilitamani kucheka nao nikashindwa.

Fundi aliona, akawatuliza. Alinieleza kwamba amechagua koili nzito za nyuma ili zibebe uzito alioukadiria kwa jinsi vyuma vya baba vilivyokuwa vimelala siku ile. Nyepesi zipo, lakini si pale. Itabidi aulizie Mbeya na kwingineko, labda mwezi, labda zaidi. Nikatazama juu. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Njombe.

"Au," akasema, akisugua mikono kwa kitambaa chenye grisi, "rudisha mzigo wako. Ukiwekwa, litatembea vizuri kuliko gari lolote unalolijua. Limepimwa kwa ajili yake."

Nilifika nyumbani jioni mapema. Mama alikuwa barazani, sweta limekwisha, limekunjwa magotini. Nyuma yake yalisimama magunia mawili mapya. Alikwisha kuyajaza nilipokuwa nimeondoka, akiwa ameketi kwenye kigoda, kiazi kimoja kimoja. Nikamweleza yote, sikuficha kicheko cha watu wa Makambako.

"Kwa hiyo bado linataka magunia," akasema.

"Linataka."

Alifikiri kidogo. "Basi ni lilelile."

Tuliondoka Alhamisi. Majirani walipakia magunia. Mama alikaa mbele, mto mmoja nyuma ya mgongo na mwingine chini, mikono juu ya mfuko wenye sweta. Barabara ya kutoka kwetu hadi lami ndiyo iliyonitia hofu zaidi, kwa hiyo niliendesha nikimtazama yeye kuliko njia. Kwenye shimo la kwanza alifumba macho. Gari likashuka, likapanda, likakaa, kama mtu anayevuta pumzi na kuitoa. Akafumbua macho. Kwenye shimo la tano aliacha kushika mlango.

Baada ya Njombe alianza kuongea. Alinionyesha mahali ambapo baba alilala na gari siku mbili kwa sababu ya daraja, na mahali ambapo mtoto mmoja alizaliwa kabla ya kufika, katikati ya magunia, akapewa jina ambalo kwa Kibena ni kiazi, na sasa ni mtu mzima anayefundisha shule. Hizi habari sikuwahi kuzisikia. Tulipokaribia Ikonda aliniomba nipunguze mwendo. Walikuwepo watu wamekaa kwenye majani nje, na moshi wa mapishi. Hakuomba tusimame. Aligeuka akatazama magunia, kisha akatazama mbele, akasema, "Leo tunapitiliza."

Kilima kilikuwa kikavu. Nikaweka gia ya kuvuta magurudumu yote manne, nikapanda mifereji ile ya malori ya mbao, gari likiinama kulia na kushoto bila haraka, na nilipothubutu kumtazama mama alikuwa anatazama moshi. Mama mkubwa alikuwa ametupia majani mabichi tena. Labda alidhani tutakwamia chini, aonekane walau.

Hawakukumbatiana. Mama alishuka, akasimama, dada yake akatoka jikoni akifuta macho kwa ajili ya moshi, wakasimama wakitazamana kama watu wanaopima kitu. Mama akatoa sweta. Mama mkubwa akalivaa palepale uani. Mikono ilifunika vidole vyote.

"Nilikwambia ujipime," mama akasema.

"Nilijipima. Nikiwa na makoti yangu." Akainua mikono mirefu ya kijani akaitazama. "Baridi ya huku hivi, nani anavua nguo apimwe?"

Tulikaa siku tatu. Niliandika kidogo sana siku hizo. Waliketi karibu na moto tangu asubuhi, mmoja akimenya, mwingine akikatakata, wakiongea Kikinga chao kwa sauti ya chini. Mama alilala bila kulalamika. Kikohozi cha mama mkubwa kilikuwepo, ila alikohoa kama mtu mwenye mwenzake wa kumsikia. Mara moja nilimsikia mama akicheka, nikatoka nje kuangalia kama ni yeye, maana kicheko kile sikukijua.

Jumapili baada ya ibada nikaanza kupanga vitu. Nilipotoka na mito nikakuta vijana wawili wa jirani wamepanda nyuma ya jipu wanashusha gunia la kwanza. Mama alikuwa amesimama kando akiwaelekeza wapi waliweke.

Nikamwendea. "Mama, yakishuka hayo gari litarusha."

"Najua."

"Sasa utarudije?"

"Magunia hayarudi," akasema.

"Huwa tunamwachia anayeuguza. Hapa hakuna mgonjwa."

Mama akatazama mlango wa jiko. Dada yake alikuwa ameketi ndani kwenye kigoda, sweta la kijani limekunjwa hadi kwenye viwiko, akichokoa makaa kana kwamba hatusikii.

"Wapo wawili," mama akasema.

Gunia la pili likashuka. Nyuma ya jipu ikainuka taratibu. Nilisimama na mito miwili mkononi. Nyuma ya nyumba ile kuna shamba la viazi linaloshuka hadi mtoni. Ghalani kulikuwa na magunia sita; nilikuwa nimelala chumba cha pili na nilisikia harufu yake. Makete hakuna mtu anayekosa mzigo wa viazi wa kutulizia gari. Mimi nililijua hilo, mama alilijua, na mama mkubwa, aliyekuwa anachokoa makaa yaleyale, alilijua kuliko sisi. Ningeweza kulisema. Lingechukua maneno matatu.

Nikampa mama mito. Nikamwambia mmoja ni wa chini, mwingine wa mgongoni, kama vile alikuwa hajui. Akanishika mkono, akauachia, akaniambia niondoke mapema, ukungu usinikute njiani.

Kilima nilikishuka nikirushwa. Nilirushwa mpaka Makete, na hata kwenye lami nilihisi bado narushwa. Ikonda nilisimama kidogo nje ya geti, bila sababu. Sikuwa na kitu cha kushusha.

Mvua zilianza wiki iliyofuata. Kabla ya Krismasi fundi alipiga simu kwamba amepata koili nyepesi, jozi nzima, nzuri. Nikapanda basi kwenda kuzichukua, nikamwambia nitaleta gari hali ya hewa ikitulia. Alinitania, akasema safari hii nilete tupu ya watu wengine. Koili nimeziweka barazani, ukutani karibu na mlango wa jikoni, nimezifunika kwa gunia kuukuu. Kando yake yapo magunia mawili ya lumbesa. Viazi vikichipua navibadilisha.

Sasa simu ya Jumapili naipiga mimi. Anapokea mjukuu, kisha nasikia hatua, kikohozi, moto, halafu mama. Ananiuliza habari za kuku, za bustani, za ukingo ule uliomwangusha, kama nimeutengeneza. Ananiambia dada yake ameanza kula vizuri. Mimi namwambia nyumba ni kimya. Hilo halijibu.

Mwishoni huuliza, "Koili zimepatikana?"

Naziona kupitia mlango ulio wazi, zimesimama wima chini ya gunia.

"Bado, mama."

"Basi," anasema, na nasikia anavyovuta kigoda chake karibu na moto.